Shipton: Kocha aliyetemwa kabla ya fainali ya Everest

KWA kijana wa Miyuji, kupanda jiwe si habari ya kushangaza. Dodoma ni mji wa mawe. Ukitoka Uwanja wa Jamhuri baada ya mechi na kutazama pembeni, vilima vya majabali vinakufuata machoni njia nzima, na watoto wanavipanda wakiwa na ndala.

Lakini kupanda jabali kwa kamba ni mchezo kamili. Una sheria zake, una namba zake uwanjani, na una mabingwa wake. Kwa hapa Afrika Mashariki, historia yake huwezi kuisimulia bila kumtaja Eric Shipton, jamaa aliyefungua njia maarufu ya Mlima Kenya, akaja kupigwa chini wakati kombe kubwa kuliko yote likiwa linanukia.

Shipton alizaliwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mwaka 1907. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Darasani hakuwa na jina, maana kusoma kulimpa tabu tangu utotoni. Milimani ndiko alikokuwa fundi. Akiwa kijana alishapanda milima ya Alps kule Ulaya, na mwaka 1928 akaja Kenya kujifunza kilimo cha kahawa, upande wa Nyeri.

Hapo ndipo alipokutana na mpinzani wake wa kwanza mkubwa. Mlima Kenya una vilele viwili virefu vya mwamba vilivyosimama kama minara pacha: Batian wenye mita 5,199 na Nelion wenye mita 5,188. Mwingereza Halford Mackinder na wenzake wawili walifika Batian mwaka 1899. Tangu siku hiyo ikapita karibu miaka 30 bila mtu mwingine kufika. Nelion ndiyo kabisa, hakuna binadamu aliyekuwa amesimama juu yake.

Januari 1929 Shipton, akiwa na miaka 21 tu, akaingia uwanjani na Percy Wyn Harris, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyekuwa na miaka 25. Walijaribu upande mmoja wa mlima, ukawagomea. Hawakung'ang'ania. Walibadili mfumo, wakahamia uso wa kusini mashariki wa Nelion, unaotazama barafu ya Lewis.

Mfumo ukajibu. Wakapanda ufa kwa ufa, ukingo kwa ukingo, mpaka juu ya Nelion. Kisha wakashuka kwenye pengo lenye barafu linaloitwa Lango la Ukungu, wakapanda tena na kusimama Batian. Makombe mawili ndani ya siku moja.

Kwa asiyeujua mchezo huu, unachezwa hivi. Wawili wanajifunga kamba moja. Wa kwanza anapanda, wa pili anabaki chini ameishika kamba, anaiachia kidogo kidogo. Kwa mtindo wa jadi hakuna kutoboa mwamba. Anayetangulia anachomeka vipande vya chuma kwenye nyufa na kupitisha kamba hapo, ili akiteleza asianguke mbali. Anayefuata anavichomoa vyote, na jabali linabaki kama lilivyokutwa.

Enzi za Shipton hata hivyo vyuma vya namna hii havikuwapo. Walikuwa na kamba za nyuzi za mimea na buti zenye misumari kwenye soli. Wa mbele akikosea, hakuna refa wa kupuliza filimbi.

Njia ile waliyoifungua leo ndiyo inaitwa njia ya kawaida ya Nelion. Ndiyo rahisi kuliko zote za kufika kilele hicho, na wapandaji wengi wa Afrika Mashariki wameanzia hapo safari yao ya milima mirefu. Ila neno rahisi lisimdanganye mtu. Ni kama mita 400 za mwamba, hewa ni nyepesi, na kushuka kwa kamba kunaweza kula muda sawa na kupanda. Anayeanza kabisa anajifunza kwanza kwenye jabali fupi, akiwa na mzoefu pembeni, kama vile hakuna anayetoka mchangani leo akaanza mechi ya dabi kesho. Mlimani Nelion ni ligi kuu. Kwa ligi kuu, hii ndiyo mechi nyepesi.

Baada ya ushindi huo Shipton akapata pacha mpya, Bill Tilman, Mwingereza mwenzake aliyekuwa analima kahawa Kenya. Mwaka 1930 wawili hao walipanda Kibo na Mawenzi pale Kilimanjaro, kisha wakarudi Mlima Kenya na kupanda Batian kwa ukingo wa magharibi, njia ngumu kuliko ile ya mwanzo. Katika safari hiyohiyo, wakishuka kilele kingine kidogo huku theluji ikidondoka, Tilman aliteleza. Shipton, aliyekuwa juu yake, akaishika kamba na kumwokoa. Miaka miwili baadaye wakawa Rwenzori.

Kutoka Afrika Mashariki jina likavuka bahari. Mwaka 1933 Shipton na Wyn Harris wote waliitwa kwenye kikosi cha Waingereza kwenda Everest. Hawakufika kileleni, lakini Shipton hakuachia ngazi. Alirudi 1935, 1936 na 1938. Falsafa yake haikubadilika: watu wachache, mizigo michache, pesa kidogo. Misafara ya mamia ya wapagazi hakuipenda hata kidogo.

Ile ya 1935 aliiongoza mwenyewe, na akampa nafasi ya kwanza kijana mmoja mpagazi asiyejulikana. Jina lake Tenzing Norgay.

Mwaka 1951 akaongoza tena, safari hii kupitia Nepal, kutafuta njia mpya. Kikosini akamkaribisha Edmund Hillary, mfuga nyuki kutoka New Zealand. Wakaikuta njia kwenye maporomoko ya barafu ya Khumbu. Ramani ya ushindi ikawa imepatikana.

Halafu viongozi wakakaa kikao. Waswisi walishajaribu mara mbili mwaka 1952, Wafaransa walikuwa na zamu yao 1954. Waingereza walibaki na mwaka mmoja tu, 1953. Kamati ikaona Shipton anapenda mno vikosi vidogo na hana njaa ya kombe kwa namna yoyote ile. Akawekwa pembeni, benchi likakabidhiwa John Hunt, mwanajeshi.

Mei 29, 1953, Hillary na Tenzing wakasimama kileleni Everest. Njia ilikuwa ile aliyoitafuta Shipton. Wachezaji waliofunga bao walikuwa wale aliowapa nafasi. Yeye hakuwapo.

Mashabiki wa soka wanaijua hadithi hii vizuri. Kocha anasajili, anajenga timu, anatimuliwa dirisha likikaribia kufungwa, na mwingine anapigwa picha na kombe. Kwa haki ni lazima isemwe pia kwamba Hunt aliijua kazi yake. Mpango wake ulikuwa mzito na ulifanikiwa. Lakini asisti ya bao lile ilianza mbali.

Miaka iliyofuata ilimkalia vibaya. Kuna wakati Shipton alifanya kibarua cha msituni kujikimu. Kisha akainuka, akaenda Patagonia, kusini kabisa mwa Amerika, na akiwa na zaidi ya miaka 50 akavuka jangwa la barafu la kule na wenzake wachache, kwa mtindo wake uleule. Alifariki Machi 1977.

Kombe la Everest hana. Lakini pale Nelion kila msimu wa kiangazi watu wawili wanajifunga kamba moja, mmoja anatangulia, mwingine anashika, na mikono yao inatafuta nyufa zilezile alizozishika kijana wa miaka 21 mwaka 1929. Makocha wengi waliobeba makombe hawakuacha kitu kama hicho.