Cairati, mhandisi aliyeiachia Mombasa ngome ya karne nne

GIOVANNI Battista Cairati, Mwitaliano aliyesanifu ngome ya Fort Jesus, alifariki dunia mjini Goa, India, mnamo 1596, miaka mitatu tu baada ya ujenzi wake kuanza kisiwani Mombasa.

Mzaliwa wa Milan, Cairati alifanya kazi Malta kabla ya kuajiriwa na Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, aliyeitawala pia Ureno. Mnamo 1583 alitumwa India akiwa mhandisi mkuu, na kazi yake ilifika hadi Malacca na Hormuz.

Mombasa ilimhitaji kwa sababu ya hofu. Kati ya 1585 na 1589, Amir Ali Bey wa Uturuki alifika pwani mara mbili akiungwa mkono na wenyeji waliowachoka Wareno. Baada ya kumshinda, Wareno waliamua kuhamisha makao yao kutoka Malindi na kuulinda mlango wa bandari ya Mombasa.

Cairati alichagua umbo linalofanana na mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini. Buruji nne za pembeni zilipangwa ili mizinga ya buruji moja iulinde ukuta wa jirani yake, adui asipate pa kujificha. Msingi ni mwamba wa matumbawe, na upande wa nchi kavu palichimbwa handaki.

Hata hivyo, usalama hauletwi na mawe peke yake. Mnamo 1631, Sultani Yusuf bin Hasan aliiteka ngome hiyo akiwa ndani. Waomani walipoizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, maradhi na njaa viliua watu wengi kuliko mizinga.

Waingereza waliigeuza kuwa gereza mnamo 1895. Mnamo 1958 ilitangazwa kuwa turathi ya kulindwa, na mnamo 2011 Unesco iliiorodhesha miongoni mwa turathi za dunia.

Adui wake wa sasa ni bahari. Mawimbi yamekuwa yakiula mwamba ulioibeba ngome, hali iliyoilazimu serikali kujenga ukuta wa kuyazuia katika miaka ya 2010. Cairati aliwazia maadui wenye mizinga. Kuyachunga maji ni jukumu lililowaangukia warithi wa kazi yake.