Maisha ya Hermann Grassmann na Funzo Lake kwa Mwalimu

Mwanachuo anayeanza somo la aljebra ya mstari katika chuo kikuu aghalabu hupewa, siku ya kwanza, karatasi yenye masharti ya somo. Humo huandikwa mambo anayopaswa kuwa ameyajua kabla ya kuanza, mada zitakazofundishwa wiki kwa wiki, mazoezi yatakayokusanywa, namna alama zitakavyogawanywa kati ya mazoezi na mitihani, na kiasi cha kusaidiana kinachoruhusiwa. Wako wanaoiona karatasi hiyo kuwa desturi ya ofisi tu. Sisi hatuioni hivyo. Ili kueleza sababu, tumechagua kusimulia maisha ya mmoja wa waasisi wakuu wa elimu hiyo, mtu aliyekuwa mwalimu wa shule karibu maisha yake yote, na ambaye ugunduzi wake ulikaa miaka mingi bila kusomwa.

Hermann Grassmann alizaliwa tarehe 15 Aprili 1809 katika mji wa Stettin, uliokuwa wakati huo chini ya dola ya Prusia. Leo mji huo huitwa Szczecin, nao umo katika nchi ya Polandi. Alikuwa mtoto wa tatu katika jamaa ya watoto kumi na wawili. Baba yake, Justus Grassmann, alifundisha hesabu na fizikia katika shule ya sekondari ya mjini hapo, na aliandika vitabu vya hesabu vya shule. Hermann hakuonyesha dalili za akili nyepesi utotoni, hata baba yake akadhani kuwa kijana huyo angeridhika na kazi ya bustani au ya ufundi wa mikono. Baba alikosea. Kijana alipofanya mtihani wa kumaliza shule alitokea wa pili.

Mwaka 1827 alikwenda Chuo Kikuu cha Berlin. Huko alisoma elimu ya dini na lugha za kale, wala si hesabu. Hesabu alijifunza mwenyewe baadaye, akianzia na vitabu vya baba yake. Mwaka 1831 alifanya mtihani wa ualimu, akaruhusiwa kufundisha madarasa ya chini tu. Alifundisha kwa muda mfupi mjini Berlin, kisha akarejea Stettin, na huko akafundisha hesabu, fizikia, Kijerumani, Kilatini na dini. Mwaka 1840 alifanya mtihani mwingine ili apate idhini ya kufundisha hesabu na sayansi katika madarasa yote ya sekondari. Kwa mtihani huo aliandika insha ndefu juu ya kupwa na kujaa kwa bahari, na ndani yake akatumia namna mpya kabisa ya kuhesabu. Alifaulu, akapata cheti chake. Hata hivyo insha yenyewe haikutolewa kitabuni mpaka mwaka 1911, miaka mingi baada ya kufa kwake.

Namna hiyo mpya ilikuwa nini? Tuchukue vigingi vitatu, A, B na C, vilivyopigwa katika mstari mmoja uwanjani. Ikiwa B kiko kati ya A na C, kila mtoto ataona kuwa mwendo wa kutoka A hadi B, ukijumlishwa na mwendo wa kutoka B hadi C, ni sawa na mwendo wa kutoka A hadi C. Sasa tukihamishe kigingi B tukipige mbele ya C. Tukijumlisha urefu peke yake, hesabu haikubali tena. Grassmann aliona kuwa hesabu hiyo husimama imara daima, mradi mwelekeo nao uhesabiwe: mwendo wa kurudi nyuma ni hasi ya mwendo wa kwenda mbele. Tena aliona kuwa kanuni hiyo hiyo hufaa hata vigingi vikitoka nje ya mstari mmoja. Kutoka kwa baba yake alikuwa amejifunza kuutazama mstatili kama zao la pande zake mbili. Yeye akaendelea hadi kwenye msambamba, akagundua zao ambalo hugeuka ishara pande mbili zinapobadilishana zamu.

Kutoka hapo alikwenda mbali. Kwa hatua za mashariki na hatua za kaskazini twaweza kufika mahali popote uwanjani. Tukitaka kufika kileleni mwa mnazi twahitaji mwelekeo wa tatu. Grassmann hakuona sababu ya kukoma kwenye mielekeo mitatu. Alijenga elimu ya mielekeo minne, mitano, na kadiri mtu apendavyo. Huo ndio moyo wa aljebra ya mstari ifundishwayo vyuoni hivi leo.

Mwaka 1844 alichapisha elimu hiyo katika kitabu, na matumaini yake yalikuwa makubwa. Alimpelekea nakala Gauss, mwanahisabati mashuhuri kuliko wote wa Ujerumani wakati huo. Gauss alijibu kwa adabu kuwa yeye mwenyewe alikuwa amepita njia zilizokaribiana na hizo tangu miaka mingi, na kuwa ili kufikia kiini cha kitabu ingempasa kwanza ayazoee maneno yake ya pekee. Möbius wa Leipzig, ambaye kazi zake zilikuwa karibu na za Grassmann, aliombwa aandike maoni juu ya kitabu hicho, naye akakataa. Kitabu hakikununuliwa. Mwaka 1864 mchapishaji alizitumia nakala zipatazo 600 kama karatasi chakavu.

Katikati ya masikitiko hayo ilipatikana nafuu moja. Mwaka 1846 Grassmann alipewa tuzo na jumuiya ya wataalamu ya Leipzig kwa insha juu ya swali lililoachwa na Leibniz. Hakuwapo mshindani mwingine. Kwa tumaini hilo, mwaka 1847 aliiomba wizara ya elimu ya Prusia imfikirie kwa kazi ya chuo kikuu. Wizara ilitaka maoni ya mwanahisabati Kummer. Huyu alijibu kuwa insha ya Grassmann ilikuwa na mambo mazuri yaliyoelezwa kwa umbo lenye kasoro. Hukumu hiyo ilitosha kuufunga mlango. Grassmann hakupata kamwe kiti cha chuo kikuu. Mwaka 1852, baada ya baba yake kufariki, alirithi nafasi yake katika shule ya Stettin.

Hapa yatupasa kutua na kuuliza kosa lilikuwa wapi. Kitabu cha 1844 hakikudai kwamba msomaji awe amesoma hesabu nyingi. Kilianza na fikira za jumla kabisa juu ya maumbo na viungo vyake, na mifano ya jometri ikafuata baadaye. Kwa hiyo kilidai kitu kingine, kigumu zaidi: mazoea ya kufikiri juu ya mambo yasiyoonekana. Dai hilo msomaji alikutana nalo ghafla, mzigo ukiwa tayari begani. La kushangaza ni kwamba Grassmann mwenyewe, katika utangulizi wa kitabu hicho, alisisitiza kuwa msomaji anapaswa kuona katika kila hatua njia inaelekea wapi. Kanuni aliijua, lakini aliona njia kwa macho yake mwenyewe, si kwa macho ya mgeni.

Alijaribu tena. Kitabu cha pili, chenye tarehe ya 1862, alikiandika upya kwa mtindo wa Euclid: fasili, kanuni, uthibitisho. Nakala 300 zilichapwa kwa gharama yake katika kiwanda cha ndugu yake Robert. Falsafa iliondoka, lakini mwongozo haukuingia. Nacho pia hakikusomwa. Wakati huo huo alikuwa ametoa, mwaka 1861, kitabu cha hesabu kilichoonyesha jinsi sheria zote za kujumlisha na kuzidisha zinavyoweza kujengwa juu ya tendo moja tu, la kuongeza moja. Mwalimu wa darasa la kwanza anayewafundisha watoto kuhesabu kwa vijiti anasimama juu ya msingi huo huo.

Grassmann alipoona hesabu zake hazina wasomaji, aligeukia zaidi lugha ya Kisanskriti. Kamusi yake ya maneno ya Rigveda, iliyotoka kati ya 1873 na 1875, ilimletea heshima upesi, na mwaka 1876 Chuo Kikuu cha Tübingen kilimtunuku shahada ya udaktari. Alifariki Stettin tarehe 26 Septemba 1877. Mwaka uliofuata kitabu chake cha kwanza kilichapwa tena, na mwaka 1888 Mwitalia Peano, akimfuata yeye, alitoa fasili ya nafasi ya vekta inayokaribiana sana na ile wanayosoma wanachuo leo.

Tunaposimulia maisha haya kwa walimu watarajiwa, hatutaki kumcheka mtu mkubwa. Twataka tuone mambo matatu.

Kwanza, kila somo lina madai yake, yawe yametamkwa au yamefichwa. Katika aljebra ya mstari wengi waliokuwa hodari wa kukokotoa hukwama ghafla wanapotakiwa kuthibitisha. Si wavivu, hawakuambiwa kuwa kazi imebadilika. Ndivyo ilivyo pia katika darasa la tatu, mtoto aliyezoea kujumlisha anapopewa mafumbo ya maneno. Azimio la kazi na andalio la somo havitoshi vikikaa mezani kwa mwalimu. Mwanafunzi naye aambiwe anakwenda wapi, achukue nini, na atapimwaje.

Pili, tuanze na vigingi uwanjani, kisha twende kwenye kanuni. Watoto wapige hatua mbele na nyuma, waandike walichokiona, ndipo waulizwe kama hesabu hiyo hukubali mahali pote.

Tatu, mwalimu ni msahihishaji pia. Kummer hakusema uongo: umbo lilikuwa na kasoro. Lakini mambo mazuri aliyoyakiri yaliachwa yapotee, kwa kuwa hakuna aliyemwita mwandishi na kumwonyesha namna ya kuyanyoosha. Daftari lenye mwandiko mbaya na hoja iliyopindapinda laweza kuwa na fikra njema ndani yake. Tulisome mara ya pili kabla hatujaweka alama ya kosa, kisha tumwite mwenye daftari aje atueleze kwa kinywa chake.