Dhahabu ya Klimt haikuwa ya anasa

Wapo wanaodai kwamba Gustav Klimt, mchoraji wa Vienna, aliwatia dhahabu wake za matajiri ili kuwafurahisha waume waliolipa. Dai hilo hunikera kila nilisikiapo, maana mwenye kulitoa hajauliza dhahabu ile ilitoka nyumba gani.

Klimt alizaliwa tarehe 14 Julai 1862 huko Baumgarten, kando ya Vienna, mtoto wa pili kati ya saba. Babaye alikuwa fundi wa nakshi za dhahabu. Mikono yake ilishika mali ya watu mchana kutwa, ilhali nyumbani mwake mlijaa ufukara. Mwaka 1876, akiwa na umri wa miaka 14, Gustav aliingia chuo cha ufundi na sanaa, kisha akapamba majumba ya tamthilia pamoja na nduguye Ernst. Mwaka 1892 mauti yaliwachukua wote wawili, baba na ndugu.

Serikali ilipomwagiza picha za dari ya Chuo Kikuu, maprofesa walizikataa kwa kuona zina utusi na kiza. Mwaka 1905 alijitoa katika kazi hiyo na kurudisha fedha. Tangu hapo hakutaka tena kazi ya umma.

Lakini kabla ya ugomvi huo kwisha alikuwa amesafiri. Mwaka 1903 alikwenda Ravenna, Italia, mara mbili, na katika kanisa la San Vitale akamwona malkia Theodora, aliyeundwa kwa vipande vidogo vidogo vya vioo na dhahabu katika karne ya sita. Theodora hana kivuli wala hasimami mahali tunapopajua. Ni binadamu aliyeondolewa duniani ilhali macho yake yangali yakitutazama. Naamini hapo ndipo ufundi wa baba ulipopata maana mpya kwa mwana. Dhahabu alikwisha kuitumia mwaka 1901 katika picha ya Judith, lakini sasa alijua inaweza kufanya nini.

Mwaka huo huo Ferdinand Bloch, mwenye viwanda vya sukari, alimwomba amchore mkewe Adele. Kazi ilimaliza miaka minne. Kwanza Klimt alimchora kwa penseli zaidi ya mara mia moja, ameketi, amesimama, amegeuka. Ndipo akageukia turubai, mraba wa sentimita 138 kila upande, akachanganya rangi za mafuta na dhahabu na fedha zilizofuliwa zikawa nyembamba mno. Mahali pengine aliinua nakshi juu ya turubai, na katika gauni akafinyanga herufi A na B. Gauni limejaa macho kama yale ya Misri ya kale. Uso, mabega na mikono peke yake ndivyo alivyoviacha kwa rangi ya mafuta, laini na rahisi kuumia. Mikono hiyo imekunjwa kwa namna ya ajabu, maana Adele alikuwa na kidole chenye kasoro, akakificha.

Tazama vema, msomaji. Je, dhahabu inamtukuza mwanamke huyu au inammeza? Nimeikodolea macho nakala ya picha hiyo kwa muda mrefu, na naona inafanya yote mawili. Tajiri aliyetaka mapambo tu angeridhika na kidogo kuliko hapo.

Adele alifariki mwaka 1925. Wanazi waliipora picha, na mwaka 2006, baada ya kesi ndefu, Austria ikairejesha kwa mpwa wake, Maria Altmann. Sasa imo New York.

Klimt mwenyewe alipatwa na kiharusi, akafa tarehe 6 Februari 1918. Katika karakana yake ilikutwa picha ya Bibi Harusi, haijakamilika. Humo mna mwanamke ambaye mwili wake umechorwa wote, uchi, na juu yake nakshi za sketi zimeanza tu kuwekwa. Kumbe ndivyo alivyofanya kazi: mtu kwanza, kwa nyama na ngozi yake, kisha ndipo pambo. Sketi ile ilibaki nusu.