Paulo, mdeni aliyesamehewa

Nilizaliwa Kisenge, mji wa manganizi kwenye reli iendayo Dilolo na pwani ya Benguela. Kabla ya reli, misafara ya watumwa ilipita katika nchi hii kuelekea bahari hiyohiyo. Mpaka leo, kumwambia mtu kwamba babu yake alinunuliwa ni tusi zito. Ukoo wangu ulikuwa upande wa walionunua. Ndiyo sababu nilipoanza kusoma nyaraka za Paulo, nilianza na Filemoni, wenye mistari 25 tu.

Paulo alizaliwa Tarso, katika Uturuki ya leo, Myahudi mwenye uraia wa Roma. Akiwa kijana alilinda nguo za waliompiga Stefano kwa mawe, kisha akaingia nyumba kwa nyumba kuwakamata Wakristo. Alikuwa njiani kwenda Dameski kwa kazi hiyo alipoanguka na kupofuka. Aliyekuja kumwombea ni Anania, mmoja wa wale ambao angewafunga, naye alimwita ndugu. Yerusalemu wanafunzi walimwogopa, mpaka Barnaba alipomdhamini.

Hata hivyo, hakuwa mwepesi wa kusamehe. Marko alipowaacha safarini, Paulo alikataa kwenda naye tena, akagombana na Barnaba yuleyule hadi wakaachana.

Barua za Kigiriki za wakati ule zilianza kwa salamu ya kutakiana furaha, khairein. Paulo aliweka mahali pake kharis, yaani neema, akaongeza amani, salamu ya Wayahudi. Kitenzi cha shina hilohilo ndicho alichotumia alipowaomba Wakorintho wamsamehe mtu aliyewahuzunisha. Kiswahili kina maneno mawili yasiyo na undugu, neema na kusamehe. Kwa Paulo, kusamehe ni kutoa zawadi.

Akiwa kifungoni alimwandikia Filemoni kuhusu Onesimo, mtumwa wake aliyekuwa ametengana naye. Aliomba apokewe kama ndugu mpendwa, kama ambavyo angepokewa Paulo mwenyewe. Kama kuna deni, aliahidi kwa mkono wake kulilipa. Mwishoni, kati ya watenda kazi wanaotuma salamu, limo jina la Marko.

Paulo hakuagiza waziwazi kwamba Onesimo aachwe huru. Ukimya huo unaniuma, maana watetezi wa utumwa kule Marekani waliutumia karne nyingi baadaye. Mapokeo yanasema aliuawa Roma, zama za Nero.

Lakini naona jambo moja. Waraka haukupelekwa kwa Onesimo kumsihi asahau. Ulipelekwa kwa bwana wake, na kusomwa mbele ya kanisa lililokutana nyumbani mwake. Kwetu, kila ugomvi wa zamani unapofufuka, wazee huwaambia wajukuu wa walionunuliwa wayaache yaliyopita. Nadhani tumekosea mlango. Barua ile ilistahili kuletwa kwetu.