Maria Montessori na malezi ya walezi wa watoto wadogo

Jina la Montessori limeandikwa kwenye malango ya shule nyingi za awali, zikiwamo zile zinazotunzwa na masista wetu. Wazazi wengi hulifahamu kama jina la vifaa: shanga za kuhesabia, herufi za kupapasa kwa vidole, mnara wa vipande vya mbao vya rangi ya waridi. Si wengi wanaokumbuka kwamba ni jina la mwanamke Mkatoliki wa Italia, daktari wa tiba, ambaye kwa sehemu kubwa ya maisha yake hakukaa darasani na watoto. Alikaa na wale waliojiandaa kukaa na watoto. Aliamini kwamba raha au majonzi ya mtoto wa miaka minne hutegemea hali ya moyo wa mtu mzima aliye mbele yake, na kwamba moyo huo nao hauna budi kufundishwa.

Maria alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 mjini Chiaravalle, karibu na Ancona. Alikuwa mtoto pekee wa Alessandro Montessori, mtumishi wa serikali, na Renilde Stoppani, mama aliyependa vitabu. Baba alitamani bintiye awe mwalimu, kazi iliyohesabiwa kuwa ya heshima kwa msichana wa siku zile. Maria alikataa katakata. Alichagua udaktari, na mwaka 1896 alihitimu katika Chuo Kikuu cha Roma, akiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini Italia kupata shahada hiyo. Kwa kuwa haikuonekana vema mwanamke apasue maiti pamoja na wanaume, alifanya masomo hayo jioni, peke yake. Binti aliyekimbia ualimu alikuja kuwa mwalimu wa walimu.

Akiwa daktari kijana alihudumu kwenye hospitali za wagonjwa wa akili mjini Roma, na humo alikuta watoto wenye ulemavu wa akili wamefungiwa pamoja na watu wazima, bila kitu chochote cha kushika wala cha kufanya. Alisoma maandishi ya madaktari wawili Wafaransa, Itard na Séguin, akashawishika kwamba watoto wale walihitaji elimu kuliko dawa. Mwaka 1900 Roma ilifungua shule ya kuwaandaa walimu wa watoto wa namna hiyo, naye aliiongoza pamoja na daktari mwenzake, Giuseppe Montesano. Mchana alifundisha, usiku aliandika aliyoyaona.

Hapa pana jambo ambalo wasifu wa heshima huenda ungeliruka, lakini bila hilo maisha yake hayaeleweki. Maria na Montesano walipata mtoto wa kiume, Mario, aliyezaliwa mwaka 1898. Hawakufunga ndoa. Kwa jamii ile, kumtangaza mtoto kungekuwa mwisho wa kazi ya mama. Mario alipelekwa kulelewa na familia moja ya shambani, na mama yake akawa anamtembelea bila mtoto kujua mgeni huyo ni nani. Mwaka 1901 Montesano alioa mwanamke mwingine, naye Maria aliiacha shule ile na kurudi kusoma chuoni. Mwanamke aliyekuja kuufundisha ulimwengu namna ya kumtazama mtoto alimtazama wa kwake kwa mbali kwa miaka kumi na zaidi. Mario alirudi kuishi naye akiwa kijana wa takribani miaka 15, baada ya bibi yake Renilde kufariki, na hata hapo kwa muda mrefu alitambulishwa kama mtoto wa ndugu.

Tarehe 6 Januari 1907, Sherehe ya Tokeo la Bwana, ilifunguliwa Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, uliokuwa mtaa wa mafukara. Kampuni iliyokarabati majengo ya wapangaji ilichoshwa na watoto waliobaki peke yao mchana kutwa wakichafua kuta, ikamwomba daktari Montessori awatafutie shughuli. Watoto walikuwa kama hamsini, wenye umri kati ya miaka miwili na sita hivi, wengi wao waoga na wepesi wa kulia. Aliyewekwa kuwalea hakuwa na cheti cha ualimu. Alikuwa binti wa bawabu wa jengo. Montessori aliliona hilo kuwa faida, kwa sababu binti huyo hakuwa na mazoea ya zamani ya kung'oa. Kanuni za nyumba zilidai mlezi aishi jengo lilelile na wapangaji, na akina mama wafike kuzungumza naye walau mara moja kwa juma.

Katika nyumba hiyo Montessori alijifunza mambo ambayo baadaye aliwarudia walezi kila mahali. Siku moja aliwafundisha watoto kupenga kamasi. Aliwaonyesha namna ya kutumia leso, na jinsi ya kufanya hivyo taratibu pasipo kuvuta macho ya watu. Watoto walitazama kimya kabisa, kisha wakampigia makofi. Alishangaa, halafu akaelewa. Tangu walipozaliwa walikuwa wakikaripiwa na kuchekwa kwa ajili ya pua zao, wala hakuna aliyewahi kuketi akawafundisha. Alikuwa amewaondolea aibu. Nadhani ualimu wake wote umo ndani ya tukio hilo dogo: mlezi anayeuliza kwanza kama mtoto amefundishwa, kabla ya kumlaumu kwa kutojua.

Siku nyingine mlezi alichelewa, tena jana yake alikuwa amesahau kulifunga kabati la vifaa. Alipofika aliwakuta watoto wamelifungua na kila mmoja amejichukulia kifaa. Kwake huo ulikuwa wizi, akataka kuwaadhibu. Montessori aliona kitu kingine: watoto walivijua vifaa vizuri kiasi cha kuchagua wenyewe walichokihitaji. Tangu hapo kabati refu lenye kufuli liliwekwa kando, zikaletwa rafu fupi zilizo wazi. Tendo ni moja, watoto ni walewale, ila macho ya mlezi yalikuwa yameelekezwa kwenye kosa. Kuyageuza macho hayo ndiyo kazi aliyoichukua.

Jaribio gumu zaidi lilikuja baada ya tetemeko la ardhi lililoiangamiza Messina tarehe 28 Desemba 1908. Yatima wapatao 60 walipokewa na Masista Wafransisko Wamisionari wa Maria katika nyumba yao ya Roma, barabara ya Giusti. Walikuwa watoto wadogo waliookotwa kwenye vifusi, baadhi hata majina yao hayakujulikana. Hawakuzungumza, walikula kwa shida, usiku walipiga kelele na kulia. Wahisani walileta nguo na vitu vizuri, lakini vitu peke yake havikuwaponya. Masista waliwawekea samani za kimo chao, mapazia ya rangi za kupendeza na maua mezani. Wakawafundisha kwa utulivu namna ya kutandika meza, kuandaa chakula, kuketi na kula kwa adabu. Kazi za mikono zenye mpangilio, zilizorudiwa kila siku na watu wazima wasio na haraka, ziliwarudishia watoto hamu ya kula, kisha usingizi, na hatimaye wakaanza kukimbia na kucheka. Somo hilo halikupotea. Mwaka 1917, vita vikiwa vimeenea Ulaya, Montessori alipendekeza liundwe shirika aliloliita Msalaba Mweupe, la kuwaandaa walezi wa watoto waliojeruhiwa nafsini kwa vita. Hakupata wa kuligharimia.

Mafunzo yenyewe yalikuwa yamekwisha kuanza. Kiangazi cha mwaka 1909, wenyeji wake wakiwa Leopoldo na Alice Franchetti, alitoa kozi mjini Città di Castello kwa walimu wapatao mia moja, na huko huko akaandika kitabu chake cha kwanza kuhusu mbinu hiyo. Mwaka 1913 walikuja Roma wanafunzi kutoka nchi mbalimbali, wengi wao Wamarekani, wakasomea nyumbani kwake. Huko London mwaka 1919 waombaji walikuwa kama 2,000, nafasi 250. Wanafunzi walisikiliza mihadhara, walishika kila kifaa kwa mikono yao hadi wakizoee, na waliandika wenyewe vitabu vya maelezo vyenye michoro. Zaidi ya yote walitakiwa kukaa saa nyingi darasani bila kusema neno, wakitazama tu. Wengi waliona hilo ndilo gumu kupita yote. Montessori alidai pia mlezi achunguze hasira yake na kiburi chake, maana alisadiki kwamba hizo ndizo dhambi zinazojificha kwa urahisi mbele ya mtu asiyeweza kujibu.

Alikuwa pia mtu wa kushikilia. Kwa miaka mingi hakuruhusu mwingine yeyote atoe mafunzo kwa jina lake, na jambo hilo liliwakatisha tamaa wafuasi wengi, hasa Marekani. Alikubali ufadhili wa serikali ya Mussolini tangu mwaka 1924, akakaa nayo muda mrefu kuliko ilivyofaa. Walipotaka kuzigeuza shule zake ziwe chombo cha chama, ushirika ulivunjika, na mwaka 1934 shule hizo zikafungwa.

Matunda yaliyo karibu nasi zaidi kama Wakatoliki yalichipua Barcelona, alikofungua shule mwanafunzi wake Anna Maccheroni mwaka 1915. Hapo palikuwa na kanisa dogo lenye viti vya kimo cha watoto, na watoto walipanda ngano na mizabibu, wakavuna, wakajua kwa mikono yao mkate na divai vya altareni vinatoka wapi. Kitabu kuhusu jambo hilo kilitoka mwaka 1922. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimfukuza Hispania mwaka 1936, akahamia Uholanzi.

Mwaka 1939, akiwa na miaka 69, alisafiri na Mario hadi Madras, India, kwa mwaliko wa Chama cha Theosofia. Mwaliko huo uliwatia shaka baadhi ya Wakatoliki, si bila sababu. Kozi ya kwanza ilijaa walimu wapatao 300. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, Waingereza walimweka Mario kizuizini kama raia wa nchi adui. Tarehe 31 Agosti mwaka huo, Maria alipotimiza miaka 70, wakuu wa serikali walimrudishia kijana huyo kuwa zawadi, na katika salamu zao wakamwita mwanawe, waziwazi, mbele ya watu. Wawili hao waliwafundisha zaidi ya walimu elfu moja kabla ya kuondoka mwaka 1946.

Wengi wa wanafunzi wake walifungua vyuo vyao, na mbegu hiyo ikavuka hadi kwetu. Huko Lushoto, kwa mfano, masista wameandaa walimu wa chekechea kwa njia hii kwa miaka mingi. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika upande huu. Mwezi Mei 1952, mjini Noordwijk aan Zee, akiwa na miaka 81, alikuwa akijadiliana na Mario kuhusu safari ya Gold Coast, Ghana ya leo, kwenda kuwafundisha walimu. Waliomzunguka waliona amechoka mno kwa safari hiyo. Yeye alitaka kwenda. Alifariki siku hiyohiyo, tarehe 6, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya mji ule.