Harold Palmer, Mwalimu Aliyepanga Maswali

Katika masomo yetu ya mbinu za kufundisha lugha, jina la Harold Palmer hutajwa mara moja, likafuatwa na majina mengine. Nimechagua kusimulia maisha yake kwa sababu mwanafunzi wa fakulti hii anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha mwaka wa saba atakutana na tatizo ambalo Palmer alilitafutia dawa karibu miaka 100 iliyopita: watoto wanaochanganya viulizi vya Kiingereza.

Kwanza tuliangalie tatizo lenyewe. Mtoto wa Bukavu au wa Lubumbashi akiuliza jina la mwenzake kwa Kiswahili hutumia nani. Kwa Kifaransa, lugha ya shule, hutumia comment. Kiingereza kinadai what. Swali ni moja, lakini viulizi ni vitatu, na hakuna kinacholingana na kingine. Ndiyo maana katika darasa moja nimesikia who is your name na how is your name. Mambo ni yale yale penye hesabu. Kifaransa kina combien tu, lakini Kiingereza kinatenga how many ya vitu vinavyohesabika na how much ya visivyohesabika. Kiswahili kinauliza saa ngapi, na Kiingereza kinauliza what time. Gani yetu inatosha mahali pa what na pa which. Mtoto anayekosea hivi si mjinga. Anafuata kwa uaminifu lugha alizokuja nazo darasani.

Palmer alizaliwa London mwaka 1877, akakulia Hythe, mji mdogo wa pwani ya Kent. Baba yake alikuwa mwalimu, kisha akawa na gazeti la mji, na kijana Harold alifanya kazi ya uandishi katika gazeti hilo. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Mwaka 1902 alivuka bahari kwenda Verviers, Ubelgiji, akafundisha Kiingereza katika shule iliyofuata njia ya Berlitz, ambamo mwalimu alikatazwa kutafsiri hata neno moja. Baadaye alifungua shule yake mwenyewe mjini humo na kuoa mwanamke Mbelgiji. Hapo ndipo alipojifunzia kazi, mbele ya wanafunzi waliosema Kifaransa na waliokuja na combien yao kama wetu.

Majeshi ya Ujerumani yalipoingia Ubelgiji mwaka 1914, Palmer alikimbilia Uingereza na familia yake, akiacha nyuma shule aliyoijenga kwa zaidi ya miaka kumi. Huko London mtaalamu wa fonetiki Daniel Jones alimfungulia mlango wa University College, na mwalimu asiye na shahada akawa mhadhiri. Kitabu chake kikubwa cha kwanza juu ya ufundishaji wa lugha kilitoka mwaka 1917, na vingine viwili vikafuata mwaka 1921. Mwaka 1922 alikwenda Japani kuwa mshauri wa Wizara ya Elimu, na mwaka uliofuata akaongoza taasisi mpya ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza mjini Tokyo. Alikaa huko hadi 1936.

Jambo la Palmer linalotugusa zaidi ni mpango wake wa maswali. Aliona kwamba mwalimu akirusha maswali ovyo, mwanafunzi hubahatisha. Kwa hiyo aliyapanga kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni swali linalojibiwa kwa ndiyo au hapana. Ya pili ni swali la kuchagua kati ya mambo mawili. Ya tatu tu ndiyo swali lenye kiulizi. Nitoe mfano wangu mwenyewe nikifuata ngazi hizo. Mwalimu anainua kalamu: Is this a pen? Kisha: Is this a pen or a book? Mwishowe: What is this? Mtoto anapofika kwenye what, jibu limekwisha kupita masikioni mwake mara mbili. Kitu kipya kwake ni kiulizi peke yake, na nguvu yake yote inakwenda hapo.

Pamoja na hayo, Palmer alitaka mwanafunzi asikie sana kabla ya kusema. Mwalimu alitoa amri, na wanafunzi wakatii kwa vitendo bila kufungua kinywa. Mwaka 1925 yeye na binti yake Dorothée walitoa kitabu kizima cha mazoezi ya namna hiyo. Katika mazoezi yangu nililitumia wazo hilo kwa viulizi. Sentensi ilikuwa moja: Amani put the pen on the table. Nikisema who, darasa linamwonyesha Amani kwa kidole. Nikisema what, kalamu. Nikisema where, meza. Wanafunzi walikuwa zaidi ya 60 na vitabu havikutosha, lakini kila mmoja alikuwa na kidole. Aliyechanganya who na where alionekana papo hapo, bila kuaibishwa.

Je, Kiswahili kifukuzwe kabisa katika somo la Kiingereza? Wengi wetu tumefundishwa hivyo. Palmer, ingawa alianzia kwenye shule ya Berlitz, hakukubali marufuku hiyo. Kwake tafsiri fupi iliyotoa maana upesi ilikuwa halali, mradi mazoezi yafuate. Nakubaliana naye. Dakika moja ya kuandika ubaoni nani, comment na what kwa swali la jina inamwonyesha mtoto mtego ulipo. Baada ya hapo ubao ufutwe, maswali yaanze.

Tusimfanye Palmer kuwa mshindi wa kila vita. Huko Japani mitihani ya kuingia shule za juu ilidai kusoma na kutafsiri, na walimu wengi walirudi huko. Nasi tunajua uzito huo, maana Kiingereza cha Exetat huja kwa maandishi. Lakini mbegu haikupotea. Mwingereza A. S. Hornby, aliyefanya kazi naye Tokyo, aliongoza kazi ya kamusi iliyotoka Japani mwaka 1942. Ndiyo mama wa kamusi ya Oxford ya wanafunzi tunayoifungua maktabani leo.

Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo kilimpa udaktari mwaka 1935. Alirudi Uingereza, akaendelea kuandika, akampoteza mwanawe katika Vita vya Pili vya Dunia, naye akafariki mwaka 1949.

Kwa wenzangu watakaopewa darasa la mwaka wa saba muhula ujao, nina ombi moja. Msiandike viulizi vyote ubaoni siku moja na tafsiri zake pembeni. Chukueni viwili vinavyogombana, kitu kimoja cha kushika mkononi, na ngazi tatu za Palmer. How much na how many zingoje zamu yao.