Padri McGivney na chama cha kufa na kuzikana

Ukisikia mtu anajiunga na Knights of Columbus, chama cha wanaume Wakatoliki chenye wanachama zaidi ya milioni mbili, wengi wao Marekani, unaweza kudhani ni mambo ya mavazi rasmi na maandamano ya sikukuu. Hayo yapo, sikatai. Lakini mwanzoni shida ilikuwa mazishi na madeni, na aliyeihangaikia alikuwa padri wa miaka 29 ambaye shida hiyohiyo ilishamkuta akiwa masomoni.

Michael McGivney alizaliwa tarehe 12 Agosti 1852 mjini Waterbury, Connecticut, kifungua mimba wa wahamiaji kutoka Ireland. Walizaliwa watoto 13, sita wakafa wadogo. Baba alikuwa akisubu shaba kiwandani. Michael alikuwa na kichwa chepesi, akamaliza shule mapema, na akiwa na miaka 13 naye akaingia kiwandani, idara ya kutengeneza vijiko. Alipofika 16 akaenda seminari Quebec, kisha Niagara Falls (huko alicheza besiboli sana tu), kisha Montréal. Juni 1873 baba akafariki. Frateri akafunga mizigo akarudi nyumbani, kwa mama mjane na wadogo zake, bila kujua kama atasoma tena. Anayesoma kwa kusubiri boom anaijua hali hiyo. Bahati yake, Jimbo la Hartford lilimgharimia, akamalizia Baltimore, akapewa upadri tarehe 22 Desemba 1877.

Akapelekwa New Haven, Kanisa la Mtakatifu Maria, kuwa paroko msaidizi. Kanisa lilikuwa na deni kubwa, tena limejengwa mtaa wa matajiri, karibu kabisa na Chuo Kikuu cha Yale, na wenye mtaa hawakufurahi kuona vibarua wa Kiairish wakipita barabarani kwao kila Jumapili. Waumini wake walikuwa watu wa viwandani. Mwanamume akifa, pato limekwisha siku hiyohiyo. Na kulikuwa na balaa la pili: mahakama ya mirathi ingeweza kuwaondoa watoto kwa mama yao iwapo hakuna wa kuwadhamini. Familia moja, ya Downes, ilifiwa na baba ikabaki na madeni. McGivney alisimama mwenyewe mahakamani mwaka 1882 kuwa mlezi wa kisheria wa kijana wao, Alfred.

Sasa, vyama vya kusaidiana vilikuwepo vingi Marekani wakati huo. Ukilipa ada, ukiugua unasaidiwa, ukifa mjane anapata chochote. Tatizo, vingi vilikuwa vya siri, vyenye viapo vya kufanana na vya Freemason, na Kanisa lilikataza. Kwa hiyo Mkatoliki maskini alikuwa na njia mbili: aache sakramenti au aiache familia bila kinga. Mapadri wengi waliishia kukemea tu mimbarini. McGivney aliona kukemea peke yake hakulishi yatima, na hapo ndipo ninapomheshimu.

Akasafiri Boston na Brooklyn kuangalia vyama vya Kikatoliki vya huko, akitaka kufungua tawi. Haikuwezekana, basi akaamua kuanzisha chao. Tarehe 2 Oktoba 1881 aliwakusanya wanaume wa parokia kwenye chumba cha chini ya kanisa. Tarehe 29 Machi 1882 serikali ya Connecticut ikakisajili. Jina la Columbus lilichaguliwa kwa hesabu: Mkatoliki aliyesifiwa na Wamarekani wote, ili asiwepo wa kuwaambia kwamba Wakatoliki ni wageni nchini. (Leo jina hilo lina ugomvi wake, lakini huo ni mjadala mwingine.) Utaratibu wenyewe ungemshangaza nani hapa kwetu? Mwenzenu akifa, kila mmoja anachangia, mjane anakabidhiwa. Tofauti ni kwamba uliandikwa kwenye katiba, haukutegemea huruma ya siku ile. Ni kweli, mwanamke aliingia kwa mlango wa mume tu, na mwanamke mfanyakazi asiyeolewa hakuwemo.

Kingine: padri hakutaka uenyekiti. James Mullen, mlei, ndiye aliyeongoza, McGivney akawa katibu. Mwaka huohuo alikuwa pia akimtembelea gerezani kijana aliyehukumiwa kifo kwa kumuua askari polisi, akawa naye mpaka siku ya kunyongwa, 1 Septemba 1882.

Mwaka 1884 akahamishiwa Thomaston, mji mdogo wa viwanda, awe paroko, akaukabidhi ukatibu na kubaki mlezi wa kiroho wa chama. Janga la homa ya mafua la 1889 na 1890 lilipopita, naye akashikwa na nimonia. Alikufa tarehe 14 Agosti 1890, siku mbili baada ya kutimiza miaka 38. Alitangazwa mwenye heri Hartford mwaka 2020. Alizikwa Waterbury na familia yake, na mwaka 1982 masalia yake yakahamishiwa kanisani New Haven. Wadogo zake wawili, Patrick na John, walikuja kuwa mapadri nao, na kila mmoja kwa zamu yake alikuja kushika ulezi wa chama kile.